Pijo 504 ya mzee imewaka baada ya kulala miaka, lakini inachemsha. Nianzie wapi kwa hela ndogo?

MtotoWaBwanaShamba
Wakuu, salaam.

Mzee wangu alikuwa bwana shamba Kilosa. Mwaka 1981 alinunua Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ya viti safu tatu, petroli, gia ya chini. Ndiyo iliyotupeleka shule, ndiyo iliyomkimbiza mama hospitali usiku wa mdogo wetu wa mwisho, na msimu wa mavuno safu mbili za viti zilikunjwa yakapakiwa magunia. Macho ya mzee yalipoanza kusumbua akaiegesha chini ya mwembe, na huko ikabaki.

Kaka zangu wanataka iende kwa watu wa chuma chakavu kwa sababu inakula uwanja. Mzee hasemi kitu, lakini kila asubuhi anaifuta vumbi kioo cha mbele. Nimewaomba kaka wanipe mpaka Krismasi.

Nimeivuta hadi Morogoro. Nimeweka betri, plagi na platini mpya, nimesafisha kabureta, nimebadili oili, nimemwaga petroli yote ya zamani. Imewaka! Haitoi moshi, haigongi. Shida ni joto. Barabara kuu kwa mwendo wa kawaida mshale wa joto unatulia katikati. Nikiingia foleni ya Msamvu hapa Morogoro, au nikipanda kilima nina watu ndani, mshale unapanda mpaka naogopa, nasimama.

Fundi wa kwanza anasema gasketi ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, imeungua, tufungue. Fundi wa pili anasema nitupe injini nzima nifunge ya Toyota. Bajeti yangu ni milioni mbili na nusu kwa kila kitu: injini, breki, matairi na bodi. Kutu ipo chini ya milango ya nyuma na kwenye sakafu upande wa dereva. Nianzie wapi?

KijitiCheusi
Naweka mkeka hapa. Picha mkuu, picha!

DerevaMstaafu
Kijana, hedi usiiguse kwanza. Nimeendesha 504 za serikali Dodoma na Singida.

Feni ya gari hilo haizungushwi na mkanda moja kwa moja. Mkanda unazungusha puli tu; feni yenyewe iko huru mpaka sumaku ya umeme iishike. Kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, kuna swichi ya joto. Maji yakipata moto swichi inaruhusu umeme, umeme unapita kwenye kaboni ndogo inayosugua nyuma ya puli, sumaku inavuta, feni inashika. Gari likilala miaka, kaboni inakwama kwenye kikombe chake au panya wanakula waya. Matokeo ni hayo hayo unayoeleza: ukiwa mwendoni upepo unapooza, ukisimama linachemsha.

Jaribu hivi. Injini imezimwa, washa funguo bila kupiga stata. Chomoa nyaya mbili za swichi ya kwenye rejeta, ziunganishe. Ukisikia "tak" kule mbele, sumaku nzima, swichi ndiyo mbovu. Usiposikia kitu, fungua kaboni uitazame. Jaribio hilo ni la bure.

SpanaKumiNaNne
Mzee hapo juu kasema kweli, naongeza tu. Kwenye feni hiyo kuna bolti tatu za kurekebisha nafasi kati ya feni na sumaku. Mafundi wengi wa zamani walizikaza mpaka feni ikashikana na puli jumla, ikawa inazunguka muda wote. Kelele inaongezeka, petroli inaongezeka kidogo, lakini habari ya kaboni inakwisha. Kama huna hela ya kutafuta kaboni, fanya hivyo leo.

Mchumi_wa_Barabara
Tuwe wakweli wakuu. Huyu ndugu ana milioni mbili na nusu. Spea za Pijo siku hizi unazisaka kwa tochi. Injini ya Toyota iliyotumika ipo kila kona, fundi wa kijijini anaijua, spea zake zinauzwa mpaka kwenye maduka ya simenti. Fundi wa pili kasema neno. Gari la familia ni la kutembelea, si la kuliombea dua kila safari.

DadaGrisi
@Mchumi_wa_Barabara umewahi kuingia chini ya 504? Propela shafti yake, mhimili unaopeleka nguvu nyuma, imefunikwa ndani ya bomba la chuma linaloungana na gia boksi mbele na difu (gia za matairi ya nyuma) nyuma, vyote vinafanya kazi kama kitu kimoja. Ukiweka injini na gia boksi ya Toyota inabidi ukate bomba hilo, utengeneze shafti nyingine, na utafute namna mpya ya kuishika difu isicheze. Halafu injini ya Pijo imelala kwa ubavu, ya Toyota imesimama, kwa hiyo na mauntini (vishikio vya injini) zote unachonga upya. Milioni mbili na nusu itaishia kwa fundi wa kuchomelea, gari bado liko juu ya mawe.

Na ukibadili injini, namba yake lazima ibadilishwe kwenye kadi ya gari TRA, mamlaka ya mapato. Watu wanasahau hilo, halafu siku ya kuuza au siku ya ajali ndiyo wanalikumbuka.

Mchumi_wa_Barabara
Nimeona pikapu ya Pijo yenye injini ya Toyota dizeli inabeba mkaa kila wiki. Kwa hiyo inawezekana.

DadaGrisi
Sijasema haiwezekani. Nimesema bei.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi, maana hili ni muhimu kuliko yote. Ukija kufungua hedi ya 504, sikia. Silinda zake ni laina zinazokaa ndani ya maji, unaweza kuzichomoa. Zinabanwa na hedi kwa juu, na chini zina sili. Fundi asiyeijua akishainua hedi anazungusha krenki (mhimili unaosukumwa na pistoni) ili asafishe pistoni, laina inainuka kidogo, sili ya chini inaachia. Anafunga hedi vizuri kabisa, kesho yake maji yanashuka kwenye oili, oili inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Lawama zote zinakwenda kwa Pijo. Hedi ikitoka, laina zibanwe hapo hapo kwa bolti na washa pana kabla mtu hajagusa krenki. Na kabla ya kurudisha, zipimwe zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Zikiwa zimezama au hazilingani, gasketi mpya haitakaa.

Fundi wako wa kwanza muulize swali moja: "Laina utazibana na nini?" Akikutazama tu, mshukuru, ondoka.

MwanaWaMikindani
Hamjambo watu wa Bara. Mimi niko Mombasa, nilikuwa manamba (utingo) wa Pijo za abiria za kwenda Malindi nikiwa kijana. Tulikuwa tunapakia abiria mpaka mlango wa nyuma unafungwa kwa bega, na gari haichemki. Joto la Pwani mnalijua.

Siri ilikuwa rejeta. Dereva wetu aliipeleka kwa fundi wa rejeta kila mwaka, inafunguliwa juu na chini, inapitishwa fito kwenye mirija. Gari iliyolala miaka chini ya mwembe, maji yakiwa ndani, mirija nusu imeziba. Kwenye barabara kuu ile nusu iliyobaki inatosha. Ukipanda kilima na watu, haitoshi. Hiyo feni ya sumaku ni hadithi nzuri, lakini yeye amesema hata kilimani inapanda, si foleni tu.

Ukimaliza kuiendesha, zima injini, pitisha kiganja juu ya uso wa rejeta kwa uangalifu. Mahali penye baridi ndipo palipoziba.

DerevaMstaafu
Ndugu wa Mombasa, kilimani mwendo ni mdogo na injini inafanya kazi kubwa. Feni ikiwa haishiki pale pia itachemsha. Sijaona bado sababu ya kuiacha feni.

TeketekeMoto
Mnasahau kuwa hii ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally ya 1967 kwenye tope mpaka magotini. Injini haina tatizo, tatizo ni mafundi wa siku hizi.

Kumbukumbu_za_Tope
@TeketekeMoto hapana. 1967 haikuwa 504, hata haikuwa imezaliwa. 504 ilitoka 1968 na ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Iliyoshinda 1967 ni Pijo 404, akiendesha Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Alishinda pia 1966. 404 ilichukua tena 1963 na 1968. 504 ilishinda 1975 kwa Ove Andersson, na 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas, ila hiyo ya 1978 ilikuwa ya milango miwili yenye injini ya V6. Ni gari tofauti kabisa na ya bwana shamba.

TeketekeMoto
Pijo ni Pijo!

KijitiCheusi
Uzi umehamia kwenye mashindano. Mwenye gari yuko wapi? Na picha je?

MtotoWaBwanaShamba
Nipo wakuu, asanteni sana. Picha nitaweka nikipata bando.

Nimefanya jaribio la mzee @DerevaMstaafu. Kuunganisha nyaya: kimya. Nimefungua kaboni, ilikuwa imeganda kwenye kikombe chake na imebaki kipande kifupi. Nimeisugua, nimeweka springi ya peni ya kuandikia nyuma yake isukume. "Tak" imesikika, na feni sasa inashika.

Nimeingia tena Msamvu saa ya foleni. Mshale unapanda polepole kuliko mwanzo, lakini bado unapanda. Kilimani ni vile vile. Kiganja kwenye rejeta: upande wa chini kulia kuna ubaridi kidogo, si mwingi. Oili ni safi, haina rangi ya chai.

MwanaWaMikindani
Nilisema. Rejeta.

SpanaKumiNaNne
Ubaridi wa chini ni kawaida, maji yanatoka yamepoa. Mkuu, thamostati, ile vali ya joto inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, bado ipo? Mafundi wengi huku wanaing'oa wakidhani wanasaidia. Ikitolewa, maji yanapita mbio kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa.

DadaGrisi
Hiyo ya "maji yanapita mbio hayapoi" siikubali, SpanaKumiNaNne. Yakizunguka haraka yanabeba joto zaidi. Ubaya wa kuitoa ni mwingine: injini haipati moto wake sawasawa, inakula petroli na kuvaa haraka. Thamostati iliyokwama imefungwa nusu, hiyo ndiyo inachemsha. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha uone kama inafunguka.

SpanaKumiNaNne
Nimetengeneza magari kabla wewe hujashika spana dada yangu.

DadaGrisi
Shikamoo kaka. Sufuria bado ipo palepale.

Ngazi_ya_Kitonga
Mimi naleta nyingine kabisa. Gari limelala miaka. Umegusa ringi za matairi baada ya safari? Hozi za breki za mpira zikizeeka zinavimba kwa ndani. Unakanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu, unaachia, hayarudi. Breki zinabaki zimeshika kidogo. Injini inavuta gari na breki pamoja, lazima ichemshe, hasa kilimani. Mjomba wangu alibadili gasketi, rejeta na wota pampu. Mwisho tukakuta tairi la mbele kushoto huwezi kulizungusha kwa mkono.

Piga jeki kila tairi, zungusha. Na hata kama siyo sababu ya joto, hozi na mpira za masta silinda (pampu ya breki) ni za kubadili kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya chochote.

Bandari_Salama
Na tomingi, wakati wa kupiga cheche? Ulipobadili platini ulipima uwazi wake kwa fila geji (vibapa vya kupimia uwazi), au ulikisia kwa macho? Ukiubadilisha uwazi wa platini unabadilisha na tomingi. Moto ukichelewa, hedi na egzosi zinapata moto kupita kiasi na gari linakosa nguvu kilimani. Dalili nyingine: linapanda kwa uzito kuliko zamani. Muulize mzee, yeye anajua lilivyokuwa likipanda.

PetroliYaZamani
Wote mnazunguka. Gari la 1981 lilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Risasi iliondolewa huku kwetu kufikia 2006. Injini hizi haziwezi petroli ya sasa, vali zinaungua.

DadaGrisi
Hedi ya 504 ni aluminiamu, siti za vali ni za chuma zilizopachikwa. Shida ya risasi ilizisumbua zaidi hedi za chuma cha kumimina zenye siti zilizochongwa humo humo. Na vali zikiungua utaona injini inakosa kompresheni na inatetemeka, siyo mshale kupanda foleni.

TanganyikaBujumbura
Salamu kutoka Buja. Huku 504 zilikuwa nyingi sana. Nakubaliana na ndugu wa Mombasa kwa rejeta, ila naongeza kifuniko chake. Kifuniko kina springi, kinashikilia presha ili maji yasichemke mapema. Springi ikichoka maji yanachemka kabla ya wakati wake hata kama injini haina kosa. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa na hakuna aliyekitaja.

MwanaWaSochaux
Wakuu, naishi Ufaransa. Uzalishaji wa saluni 504 huku uliisha 1983, lakini Kenya waliendelea kuziunganisha hadi 2004, na Nigeria wakapita hapo. Kwa hiyo spea siyo za kutafuta Ulaya tu. Sili za laina, gasketi na kaboni ya feni ni vitu vidogo vinavyoingia kwenye begi la mgeni anayekuja likizo. Usiagize kioo wala bampa kwa meli, ushuru na usafiri vitakula bajeti yote. Andika orodha ya vitu vidogo tu, namba ya chesisi iwepo, maana kuna injini ya sm³ 1796 na ya 1971 na baadhi ya vitu havifanani.

MwanaWaMikindani
Nairobi, Kirinyaga Road, bado utapata wazee wenye spea za Pijo kwenye makopo. Uliza wenye mvi.

Mchumi_wa_Barabara
Sawa, tuseme joto limeisha. Kutu? Matairi? Bado nasema hesabu haifiki.

FundiBodiMzee
Nilikuwa nasoma tu, sasa mmefika kwangu.

Mwenye gari, usikubali mtu akupakie puti (lipu ya bodi) juu ya kutu. Miezi sita inatoka kama ganda, na chini yake tundu limekuwa kubwa. Sakafu: toa zulia lote, gonga kwa bisibisi mpaka ukutane na chuma kinacholia. Kata kilichooza, chomelea bati jipya la unene unaolingana, paka rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Kwenye milango angalia vitundu vya kutolea maji kwa chini. Vimezibwa na majani ya mwembe, ndiyo maana imeoza hapo. Vizibue kwa waya hata kabla hujanipata mimi au mwenzangu.

Rangi ya gari zima achana nayo mwaka huu. Gari lenye rangi iliyofifia linatembea. Gari lenye rangi mpya na sakafu mbovu linamwangusha mtu barabarani.

Matairi: stesheni wagoni inavaa 185 ringi 14. Saizi hiyo bado inauzwa kwa ajili ya vigari vya mizigo, tena imara zaidi. Usinunue yaliyotumika.

Ngazi_ya_Kitonga
Umenifurahisha fundi. Breki, sakafu, matairi, halafu joto. Ukimaliza ilete mlima Kitonga tuijaribu na abiria saba.

DerevaMstaafu
Kitonga hapana! Msimdanganye kijana. Nimeona malori mapya yamefungua boneti pale, mvuke hadi juu ya miti.

KijitiCheusi
Mimi ningependa kujua ada za miaka yote hiyo. TRA hawatamkamata?

Kumbukumbu_za_Tope
Leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Lakini aende mwenyewe ofisini na kadi ya mzee athibitishe hali ya gari lake kabla halijaingia barabarani. Bima na ukaguzi wa trafiki viko palepale.

MtotoWaBwanaShamba
Wakuu, asanteni, nimejifunza zaidi ya nilivyotegemea. Majibu kwa ufupi.

Nimepiga jeki: tairi la nyuma kulia lilikuwa zito kuzungusha, mengine huru. Hozi zote nimeagiza. Thamostati ipo, kwenye sufuria imefunguka, ila imechelewa, maji yalikuwa yanatokota kabisa. Kifuniko kipya nimeweka, sijaona tofauti kubwa. Platini nilipima kwa fila geji ya kuazima. Tomingi nitarudia na taa.

Jana nimempigia mzee nikamuuliza habari ya kupanda milima kama @Bandari_Salama alivyosema. Akacheka, akasema rejeta iliyomo siyo yake. Ya kwanza ilitoboka kwenye ajali ndogo miaka ya tisini, spea hazikupatikana, fundi akaunga rejeta ya gari jingine, nyembamba kidogo. Tangu hapo, mzee anasema, alikuwa akipanda mlima na mzigo anawasha hita ndani ya gari na kufungua vioo vyote. Sisi watoto tulikuwa tunadhani hita imeharibika.

MwanaWaMikindani
REJETA! Nimesema tangu lini?

DadaGrisi
Subiri. Kama miaka yote ile iliishi na rejeta hiyo hiyo na foleni haikumsumbua, basi kuna kitu kingine kimeongezeka sasa. Kwangu bado ni thamostati na tairi la nyuma, vyote viwili. Mzee aliulizwa kuhusu foleni?

SpanaKumiNaNne
Kilosa ya miaka ya tisini kulikuwa na foleni gani dada?

DerevaMstaafu
Hita inafanya kazi ya rejeta ya pili, mzee wako alijua anachofanya. Lakini kijana, hiyo kaboni uliyoisugua imebaki kipande kifupi, umesema mwenyewe. Feni inashika ukiwa umesimama gereji. Je, inashika barabara ikiwa na matuta? Funga taa ndogo kwenye waya wa kaboni uilete ndani uione ikiwaka na kuzima.

FundiBodiMzee
Nani yuko karibu na Morogoro mwenye mashine ya gesi? Sakafu ya huyu kijana haingoji mjadala wa rejeta.

Mchumi_wa_Barabara
Niko Kihonda. Nina mashine ya kuchomelea. Bati atanunua mwenyewe.

DadaGrisi
Mchumi leo kawa upande wetu!

Mchumi_wa_Barabara
Nachomelea sakafu tu. Injini bado nasema Toyota.

MtotoWaBwanaShamba
@Mchumi_wa_Barabara nimekutumia ujumbe. Rejeta inakwenda kufunguliwa Jumatatu, na hiyo taa ya kaboni naifunga kabla ya hapo ili tujue nani kati yenu yuko sahihi.

MwanaWaMikindani
Na ile safu ya tatu ya viti bado unayo? Kuna mtu hapa Mombasa ana 504 kama hiyo bila viti vya nyuma, anauliza bei.

MtotoWaBwanaShamba
Haviuzwi ndugu yangu. Muulize yeye kama ana rejeta ya asili ya ziada.